Kiti cha enzi: Namna ya kukitambua kabla hakijauzwa

KATIKA baadhi ya nyumba za kale za kisiwa cha Pate, kuanzia Kizingitini hadi Siyu na Pate yenyewe, kiti huweza kukaa pembeni mwa chumba miaka mingi pasi na mtu kukishughulikia. Kamba zake zimekatika, mguu mmoja umelegea, na vijana wa nyumbani hukitundikia nguo. Siku anapobisha hodi mnunuzi wa vitu vya kale huku akitaja fedha taslimu, ndipo wenye nyumba hutambua kwamba hawajui walicho nacho, ilhali mgeni anajua. Bei inayopatikana hapo huwa ni bei ya mgeni.

Kinachosakwa zaidi ni kiti cha enzi, ambacho wengine hukiita kiti cha mpingo. Ni kiti kirefu kilichonyooka, chenye pembe mraba, mgongo mpana, mikono miwili na kibao cha kuwekea miguu kinachotokeza mbele. Nafasi zilizo baina ya mbao zake zimesukwa kwa uzi wa pamba, na mbao zenyewe zimetiwa njumu ya pembe au mfupa. Hakikuwa kiti cha kila mtu. Aliketishwa hapo mtawala, au mgeni ambaye wenyeji walitaka aonekane kuwa ni mgeni wa heshima.

Asili yake ingali inajadiliwa. James de Vere Allen, aliyepata kuwa msimamizi wa makavazi ya Lamu na ambaye mwaka 1989 alichapisha uchunguzi wake kuhusu viti hivi, ni miongoni mwa waliovitazama kwa makini zaidi. Wapo wanaoviona kuwa na nasaba na samani za Misri ya zama za Wamamluki. Wengine huona ndani yake mkono wa India na Wareno. Lisilo na shaka ni kwamba mafundi wa visiwa vya Lamu walivifanya kuwa vyao. Siyu, mji jirani wa Kizingitini kwa upande wa magharibi, ulisifika katika karne ya 19 kwa useremala, kazi za ngozi na unakili wa misahafu.

Kukitambua kiti kunaanzia chini, si juu. Kipindue taratibu juu ya mkeka. Fundi wa zamani aliunga mbao kwa kuchonga ulimi wa ubao mmoja uingie katika tundu la mwenzake, wala hakutegemea misumari. Ndiyo sababu kiti kizee huweza kufunguliwa na kuungwa tena. Upande usioonekana huwa haukulainishwa sana, na alama za zana za mkono hazilingani. Ukikuta mapinde yanayofuatana sawasawa, hayo ni ya msumeno wa mashine. Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, lakini tahadhari: huenda mjukuu fulani alikuwa akikaza mguu uliolegea, na kiti chenyewe ni kikongwe.

Mbao nazo husema. Mpingo ni mzito mno, kiasi cha kuzama majini, na weusi wake umeingia hadi ndani. Mbao iliyopakwa rangi nyeusi hujifichua mahali palipochubuka, hasa chini ya kikalio. Tazama pia palipochakaa. Uchakavu wa kweli huwa pale mwili unapogusa: ncha za mikono, ukingo wa mbele, kibao cha miguu. Kiti kilichochakaa kila mahali kwa kiwango kimoja kinatia shaka.

Njumu ndiyo yenye kuwatatiza wengi. Pembe ya ndovu, palipokatwa kikingamo, huonyesha mistari myembamba inayokatizana mithili ya wavu. Mfupa huwa na vitone na michirizi midogo ya rangi nyeusi. Plastiki haina chochote kati ya hivyo. Tumia kioo cha kukuzia na mwanga wa mchana. Wale wanaochoma kwa sindano ya moto hujeruhi kitu wanachodai kukipima.

Msomaji asikichanganye kiti cha enzi na viti vya mapinde vilivyoletwa na meli. Karne ya 19 iliingiza pwani samani za Bombay zilizochongwa kwa mikunjo, pamoja na viti vya Austria vya mbao iliyopindwa kwa mvuke. Kile maarufu cha kampuni ya Thonet, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1859, kiliungwa kwa vipande sita vya mbao na skrubu kumi, hivyo kwacho skrubu si dalili ya ughushi. Tafuta chapa au karatasi ya kampuni chini ya kikalio.

Thamani hufuata uzima wa mbao na njumu, kisha habari za kiti: kilikuwa cha nani, kiliingiaje nyumbani. Nyuzi zilizokatika hazipunguzi sana, kwani husukwa upya. Kinachoharibu ni msasa na vanishi, vinavyofuta weusi wa miaka mingi na alama zote tulizozitaja. Nakala mpya zinazochongwa Lamu ni kazi halali ya fundi; ubaya huanza pale nakala inapouzwa kwa jina la ukale.

Kuna na sheria. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Pembe ya ndovu ina mzigo wake zaidi: biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaadhibu vikali kuimiliki au kuiuza bila kibali. Kwa hiyo kiti cha njumu ya mfupa, ambacho wengi hukidharau, huweza kuwa chepesi zaidi kuuzika kuliko cha pembe.

Kabla ya kutaja bei yoyote, piga picha za kiti mbele, nyuma na chini, andika anachokumbuka mzee wa nyumba, kisha upeleke picha hizo kwa wasimamizi wa makavazi mjini Lamu. Kiti chenyewe kibaki nyumbani. Safari ya mashua si rafiki wa njumu iliyolegea.