Dhana ya Ujamaa na Mfano wa Litowa, Songea

Istilahi ujamaa imeteuliwa kubeba dhana iliyokomaa Ulaya katika karne ya 19, yaani mfumo ambao njia kuu za uzalishaji mali humilikiwa na jamii badala ya watu binafsi. Hata hivyo, mzizi wake ni jamaa, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kwa Mswahili humaanisha kwanza ndugu na watu wa nyumbani. Ndiyo maana katika maandishi ya Nyerere ya mwaka 1962 udugu hutangulia umiliki, na mapambano ya matabaka, ambayo kwa Marx ndiyo kiini cha hoja, huwekwa kando. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilirejesha suala la umiliki, likataka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi kwa njia ya Serikali na vyama vya ushirika. Swali lililobaki ni hili: nani ataamua kwa niaba ya wakulima hao?

Jibu moja lilikwisha kujaribiwa Songea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walifyeka pori na kuanzisha kijiji cha Litowa. Chini ya uongozi wa Ntimbanjayo Millinga, na kwa ushauri wa Mwingereza Ralph Ibbott, Litowa na vijiji vingine viliungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma (RDA). Walilima pamoja, wakagawana mapato kwa uamuzi wa mikutano yao, wakaendesha shule yao, na hata kinu cha kusagia nafaka mjini Songea kikawa mali yao. Nyerere mwenyewe aliwasifu. Pamoja na hayo, mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama hicho na mali zake zikatwaliwa.

Yamkini kosa la Litowa halikuwa upungufu wa ujamaa. Kosa lilikuwa kuwa na ujamaa ambao ngazi za Chama na Serikali mkoani hazikuwa na kauli juu yake.

Sarufi inatusaidia kuiona tofauti. Watu wa Litowa walihamia kijijini mwao. Mamilioni ya wananchi wa Operesheni Vijiji, hasa kati ya 1973 na 1976, walihamishwa. Kiambishi cha kutendesha pamoja na kile cha kutendwa vinamwingiza mtendaji mwingine, naye ni dola. Tangu hapo, kwa wakulima wengi, ujamaa likawa jina la amri, wala si la udugu tena. Katiba ya mwaka 1977 ingali inaitaja nchi kuwa ya kijamaa, ijapokuwa uamuzi wa Zanzibar wa mwaka 1991 ulilegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha. Mtunga kamusi anayeliingiza neno hili kwa fasili moja tu anaificha historia hiyo; udugu, umiliki wa pamoja na uhamishaji wa dola vinastahili fasili tatu tofauti.