Banda la Watoto wa Mbuzi kwa Vipande vya Mathenge

Mtoto wa mbuzi akilowa mvua na kupigwa na upepo usiku kucha, hupata homa ya mapafu kwa urahisi. Boma la miiba humzuia fisi, lakini haliuzuii upepo. Panahitajika ukuta. Na kwa mfugaji wa Baringo, au popote pale ambapo mathenge umevamia malisho, vifaa vya kuujenga viko karibu na boma.

Mathenge mara nyingi umepinda, haufai kwa nguzo ndefu. Ukikatwa vipande vifupi, kupinda si tatizo tena. Vipande hulazwa kama kuni zilizopangwa, kichwa kimoja kikitazama ndani ya banda na kingine nje, na udongo ukijaza nafasi kati yake.

Kata vipande vyote urefu mmoja wa sentimita 30. Huo ndio utakuwa unene wa ukuta. Vaa viatu vigumu, maana mwiba wa mathenge hupenya kandambili. Shina likate chini ya usawa wa ardhi, la sivyo litachipua tena. Ambua magome siku hiyo hiyo yakiwa mabichi, kwa kuwa yakikauka hushika, na wadudu wanaotoboa mti hupenda kukaa chini yake. Kisha panga vipande kivulini kiangazi kizima. Usiwe na haraka hapa. Kipande kibichi hunywea baada ya kujengwa, na upepo ule ule unaoukimbia utapita kwenye mwanya.

Msingi uwe wa mawe, upande sentimita 30 juu ya ardhi, ili mti usiguse unyevu na mchwa waonekane wanapopanda. Udongo wa kichuguu kilichohamwa na mchwa hufaa sana. Ukanyage pamoja na mchanga, nyasi zilizokatwakatwa na kinyesi cha ng'ombe, kisha tengeneza tofali dogo ulikaushe. Likipasuka, ongeza mchanga. Likimomonyoka, ongeza udongo wa kichuguu.

Simamisha kwanza nguzo za pembeni, ndizo zitakazobeba paa. Vipande visigusane, udongo kati yake uwe unene wa vidole viwili. Kwa siku moja usipandishe ukuta kupita goti, kwani udongo mbichi utalemewa. Vichwa vya vipande viache wazi, usivipake udongo wala simenti. Mti hutolea unyevu hapo, ukizibwa huoza.

Ukuta ukifika kifuani, basi. Nafasi iliyobaki hadi paani ifunge kwa fito zilizokaribiana, chui asipenye, lakini harufu kali ya mkojo itoke. Harufu hiyo nayo huumiza mapafu. Paa litokeze sentimita 60 kila upande: mvua huyeyusha udongo huu, na vipande vikavu vikinywa maji hutanuka na kuupasua ukuta. Mita moja ya mraba yatosha watoto wawili au watatu.

Kiangazi cha kwanza kikipita utaona nyufa kuzunguka vipande. Zizibe kwa udongo ule ule kabla ya mvua, na ukiona njia za mchwa kwenye mawe, zikwangue.