Je, Wajua? Jua la Tororo Halisubiri Kamera
Miji ya Tororo na Busia, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, iko kaskazini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja, kwa hiyo jua huzama karibu wima. Ule mwanga wa dhahabu wanaoupenda wapiga picha hukatika upesi kuliko London. Mwenye kamera mpya ya DSLR anayeutaka Mwamba wa Tororo jioni aipange mapema: gurudumu la juu kwenye A (Canon huandika Av), tundu la lenzi f/8, ISO 200. Kasi ya shata itajichagua yenyewe. Giza likinyemelea, apandishe ISO hadi 800, picha isitikisike. Lenzi ya 18–55 inatosha. Mwamba wenyewe si mdogo! Na akienda Busia, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa 2018, aombe ruhusa kabla ya kuinua kamera.