Kabla ya Kumwita Daktari: Utangulizi kwa Wahadhiri

Afya ya akili ni taaluma ambayo milima ya Usambara haiioni ngeni. Upande wa Korogwe wa milima hii kuna Hospitali ya Lutindi, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza Afrika Mashariki. Chuo kikuu kilichobeba jina la Askofu Sebastian Kolowa nacho, kilichoanza Magamba mwaka 2007, kilijijengea jina katika elimu maalumu.

Ubaya wa kuwa na hospitali yenye jina ni kwamba tunadhani kila dhiki ya nafsi ni ya huko. Mwanafunzi asiyelala, aliyeacha kuingia darasani, si lazima awe mgonjwa. Pengine bumu, yaani fedha za mkopo, limechelewa. Pengine amefiwa na akakosa nauli ya kwenda kuzika. Pengine ana supu mbili, yaani mitihani ya marudio, na anaogopa disko, yaani kuondolewa chuoni. Hata baridi ya Julai huku milimani, kwa aliyekulia pwani ya Lindi, si jambo la kuchekwa.

Dhiki ya wanafunzi imeshachunguzwa zamani: mwaka 1969 watafiti German na Arya walichapisha utafiti kuhusu afya ya akili ya wanafunzi wa Makerere. Kabla yao, mwaka 1960, mtafiti Raymond Prince aliandika kuhusu wanafunzi wa Nigeria waliolalamika kichwa kuwaka moto na macho kugoma kusoma. Waliomfuata wamemkosoa sana, na wana haki. Hata hivyo ningependa anayeanza aanze naye, maana anatuzoeza kuusikiliza mwili. Mwanafunzi wetu haji ofisini kusema ana sonona. Atasema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, au ana mawazo tu. Mhadhiri anayengoja maneno ya kitabuni atangoja hadi mtihani wa mwisho.

Hakuna anayemtaka mhadhiri atibu. Anatakiwa agundue mapema, na vyombo vya kugundulia anavyo: daftari la mahudhurio, jaribio lililojibiwa nusu, kiti cha mbele kilichobaki kitupu. Amwite faragha, aseme alichokiona bila kukisia: “Sijakuona wiki mbili. Nyumbani hawajambo?” Kisha anyamaze. Hapo ndipo penye ugumu, hasa kwetu tunaolipwa kusema. “Jikaze” haijamsaidia mtu. Kumwongezea siku 5 za kukusanya kazi, jambo lililo ndani ya uwezo wa mhadhiri, mara nyingi kunazidi saa nzima ya nasaha.

Halafu kuna suala la siri. Lushoto, mji wetu, ni mdogo: wewe na mwanafunzi mtakutana sokoni, msikitini au kanisani, na mwenye nyumba wake huenda ni shemeji yako. Muulize yeye nani ajue na nani asijue, kisha ushike neno lake.

Akitaja kujiua, hapo usiahidi siri. Muulize waziwazi kama ameshapanga namna. Kuuliza hakumpandikizi mtu wazo hilo. Usimwache peke yake. Mwite mlezi wa wanafunzi, mpelekeni hospitali ya wilaya mkiwa naye, na kesho yake nenda ukamjulie hali, kama ambavyo ungekwenda angelazwa kwa malaria.