Bafu Safi ni Ngome ya Nyumba ya Askari

Tangu siku ya kwanza aingiapo chuo cha mafunzo, askari hufundishwa kwamba usafi ni sehemu ya nidhamu. Husugua sakafu ya bweni, huosha vyoo kwa zamu, na mkaguzi akiona doa moja, kazi yote huanzwa upya. Lakini aghalabu desturi hiyo huishia langoni mwa kambi. Nyumbani, bafu na choo huachiwa mama watoto peke yake, na husafishwa kwa ndoo moja ya maji na dawa kidogo yenye harufu nzuri. Harufu ikipendeza, watu husema bafu ni safi. Kumbe vijidudu vya maradhi havina harufu, wala havionekani kwa macho.

Historia ya majeshi yatoa ushahidi mzito juu ya jambo hili. Katika Vita vya Crimea, Waingereza waliopigana na Warusi tangu mwaka 1854 hadi 1856 walipoteza askari wengi zaidi kwa kipindupindu, kuhara na homa kuliko kwa risasi na mizinga. Katika hospitali yao ya Scutari, ng'ambo ya pili ya jiji la Istanbul, majeruhi walilazwa juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba. Mwezi Machi 1855 iliwasili tume ya usafi kutoka Uingereza. Mifereji ikazibuliwa, taka zikazolewa, kuta zikapakwa chokaa na hewa ikaruhusiwa kupita. Katika miezi iliyofuata, vifo vilipungua sana.

Adui yule wa Scutari angali nasi. Kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo hutoka chooni na kuingia kinywani kwa njia ya mikono, nzi na maji. Mtu aweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo naye akajiona mzima kabisa. Akigusa kitasa cha mlango au kishikio cha kuvutia maji, huviacha pale vikimngoja mtoto apitaye nyuma yake.

UTARATIBU WA KAZI

Kusafisha bafu kwa kina ni kazi yenye hatua, na hatua zikivurugwa, jasho na fedha hupotea bure. Kwanza, fungueni dirisha na mlango, toeni ndoo, miswaki, taulo na kila kitu kiwezacho kuhamishwa. Ondoeni buibui darini, kisha fagieni nywele na vumbi pakiwa bado pakavu, maana nywele zikilowa hung'ang'ania sakafu.

Pili, tumieni sabuni na maji ya vuguvugu. Pakeni maji ya sabuni ukutani, katika karo, katika bakuli la choo na sakafuni, mkayaache dakika kumi yalainishe ukoga. Kisha sugueni kwa brashi ngumu, mkianza juu na kushuka chini, ili uchafu uangukao usiharibu pahali palipokwisha kusafishwa. Msisahau viungo vya vigae, nyuma ya bakuli la choo, na tundu la kutolea maji. Inueni kifuniko cha tundu hilo mkatoe nywele na utelezi uliojazana humo. Brashi na kitambaa cha choo viwe vya choo tu, visiguse karo kamwe. Mkimaliza, suuzeni kwa maji mengi.

Hatua ya tatu ndiyo ya dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki. Watu wengi huimwaga juu ya uchafu, wakidhani yenyewe itafanya kazi ya sabuni. Hilo ni sawa na kufyatua risasi kwenye gunia la mchanga. Uchafu huila nguvu ya klorini kabla haijawafikia vijidudu. Dawa itumike baada ya sabuni kusuuzwa. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanyeni kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji baridi. Pakeni kila pahali, pamoja na kitasa, bomba na kishikio cha kuvutia maji, mngoje dakika 10, kisha suuzeni. Dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji hudhoofika upesi; ile ya jana isitumike leo.

Mwisho, kausheni kwa kitambaa na kuacha dirisha wazi. Kuvu jeusi la ukutani huishi kwa unyevunyevu, na lisipokoseshwa unyevunyevu huo litarudi hata likisuguliwa kila siku.

PIPA LA MAJI

Katika nyumba nyingi, bafuni husimama pipa la akiba kwa siku ambazo maji ya bomba hukatika. Mbu aenezaye homa ya dengi hutaga mayai yake kwenye ukuta wa ndani wa pipa, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kuvumilia ukavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yajapo. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Sharti ukuta wa pipa usuguliwe kila wiki, kisha pipa lifunikwe barabara.

HATARI YA MCHANGANYIKO

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia upepo zaidi ya tani 150 za gesi ya klorini. Askari waliokuwa mahandakini walikufa kwa kukosa pumzi, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa nayo hutambaa chini. Gesi iyo hiyo huzaliwa bafuni mtu achanganyapo jiki na asidi ya kung'arishia choo, na hata siki au ndimu yaweza kuitoa. Jiki ikikutana na dawa yenye amonia, au na mkojo mwingi uliotuama, hutokea gesi nyingine iliyo kali vilevile.

Basi siku ya kuondoa magamba ya chumvi kwa siki au asidi iwe mbali na siku ya klorini, na maji mengi yapite kati yao. Macho yakiwasha na kifua kikibana, tokeni nje mara moja, waiteni watoto watoke, wala msirudi kuokoa ndoo. Anayeendelea kukohoa apelekwe hospitali. Tena, jiki isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

Anayeumia kwanza katika ajali ya namna hii ni yule aliyefungiwa ndani akisugua, naye mara nyingi ni mke, au binti aliyetumwa kazi bila kuelezwa. Askari aliyefundishwa kutambua sumu na kuvaa barakoa hana udhuru wa kukaa sebuleni akisikiliza redio. Yampasa asome maandishi ya chupa, awaeleze wa nyumbani mwake, kisha ashike brashi mwenyewe.

Usafi wa kila siku ni wa dakika chache. Huu wa kina utengewe siku moja katika wiki, kama silaha zinavyotengewa siku ya kusafishwa. Bunduki chafu hukwama siku ya hatari, na bafu chafu hulaza watoto kitandani siku ambayo baba yuko zamuni, mbali na nyumbani.