GBU: namna kikundi cha wanafunzi kinavyokua

Mara nyingi tunaulizwa: GBU ni kanisa jipya? Hapana. Groupes Bibliques Universitaires ni ushirika wa wanafunzi wa makanisa mbalimbali, nao uko ndani ya IFES, iliyoanzishwa mwaka 1947. Wanaoongoza vikundi ni wanafunzi wenyewe.

Kikundi hukua hivi: wachache hufungua Biblia pamoja, husoma fungu moja na kuulizana: linasema nini? Lina maana gani? Tutalitii namna gani? Kila mmoja humwalika mwenzake wa darasa. Kwa kuwa viongozi humaliza masomo na kuondoka, inafaa wa mwaka wa kwanza wafundishwe mapema kushika kazi.

Kwetu Ituri jambo hili ni zito. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa. Hospitali ya CME iliharibiwa, watu zaidi ya elfu moja waliuawa kwa ajili ya kabila lao, hata wagonjwa vitandani. Wengi waliookoka walitembea kwa miguu hadi Oicha. Je, waganga wa kesho watamtunza kila mgonjwa bila kutazama kabila? Masomo ya udaktari peke yake hayatoshi. Mhema, Mlendu, Mbira na Mngiti wakisoma Neno kwenye meza moja, wanaanza kuaminiana.

Basi, kijana wetu anapokwenda Bunia kusoma, tumwombee, tumwelekeze kwenye kikundi, na akirudi likizoni tumpe nafasi ya kufundisha kanisani.