Siku Moja ya Redio: Kila Mtu na Saa Yake

Kila jambo na wakati wake, husema wazee wetu. Waliopanga vipindi vya redio nchini Uingereza katikati ya karne ya ishirini walilishika neno hilo barabara. Hebu tuchukue siku moja ya kazi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, tuifuate tangu asubuhi hadi usiku. Ndani yake mna mafunzo kwa kila mwenye nyumba, na hususan kwa akina mama.

Zama hizo, redio yote iliyorushwa kutoka ndani ya Uingereza ilikuwa mikononi mwa shirika moja tu, nalo ni BBC. Matangazo ya biashara hayakuwamo. Nyumba yenye redio ilikata leseni ya pauni 1 kwa mwaka, na leseni hizo zilikuwa zimeshapita milioni 10. Idhaa zilikuwa tatu: Home Service ya habari na maongezi, Light Programme ya burudani, iliyoanzishwa mwaka 1945, na Third Programme ya fasihi na muziki wa kitaalamu, iliyofuata mwaka 1946.

Asubuhi ilifunguliwa kwa habari, na kabla ya saa mbili yakaja mawaidha mafupi ya dini ya wenyeji. Baada ya saa tatu ilikuwa zamu ya mama aliyebaki nyumbani. Katika kipindi cha Housewives' Choice zilipigwa nyimbo alizoziomba mwenyewe kwa kadi ya posta. Saa nne unusu ulifika muziki wa viwandani, Music While You Work. Kipindi hiki kilizaliwa Juni 1940, katika joto la vita, ili mikono ya wafanyakazi isilegee. Muziki uliteuliwa kwa uangalifu mkubwa. Nyimbo za pole pole ziliepukwa zisije zikaleta usingizi, na zile za kupigiwa makofi ziliepukwa pia, mtu asije akaiacha mashine yake.

Mchana ulikuwa wa mama na mtoto. Saa nane kasorobo, kuanzia Januari 1950, watoto wasiotimiza miaka mitano walisomewa hadithi na kuimbiwa kwa dakika 15 katika Listen with Mother. Msimulizi hakuanza kabla ya kumuuliza mtoto iwapo ameketi vyema. Jina lenyewe la kipindi lilimtaka mama aketi pamoja na mwanawe. Redio haikuwekwa iwe yaya.

Saa nane kamili kiliingia kipindi cha wanawake, Woman's Hour, kilichoanza tarehe 7 Oktoba 1946. Mlikuwa na mapishi, malezi, afya, na kitabu kilichosomwa sehemu kwa sehemu. Nyama, sukari na siagi bado zilipatikana kwa kadi za mgao, hivyo maarifa ya kupikia kidogo kikatosha wengi yalikuwa na thamani kubwa. Ajabu ni kwamba mtangazaji wake wa kwanza alikuwa mwanamume, Alan Ivimey. Wako wasikilizaji waliolalamika kwamba wanasemeshwa kama watu wasiojua kitu. Haukupita muda mrefu ila kiti hicho kikakaliwa na wanawake wenyewe.

Saa kumi alasiri mke wa daktari wa kubuni, Bibi Dale, alisimulia mambo ya nyumbani kwake. Aliyekosa kumsikia alimpata kesho yake asubuhi, kwa kuwa kipindi kilirudiwa. Saa kumi na moja ilikuwa ya watoto waliotoka shule. Saa moja kasorobo jioni jamii nzima ilisikiliza The Archers, mchezo wa familia ya wakulima ulioenea nchi nzima tangu tarehe 1 Januari 1951. Mchezo huo uliandaliwa kwa ushauri wa Wizara ya Kilimo. Nchi ilihitaji chakula, na mgao haukumalizika hadi Julai 1954. Kwa hiyo mkulima alifundishwa mbinu za shambani ndani ya kisa, bila ya kuhisi kwamba yuko darasani. Watu walizama mno katika kisa hicho, hata Septemba 1955, mhusika Grace Archer alipokufa kwa moto, wasikilizaji walimlilia kama aliyekuwa hai.

Saa tatu usiku ilisikika kengele kubwa ya mnara wa Bunge la London, zikafuata habari. Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia. Mwanamke aliyepewa saa yake mchana hakuwa na nafasi katika saa hii. Mwaka 1933 Sheila Borrett alijaribiwa kuwa mtangazaji wa idhaa ya taifa. Malalamiko yakamiminika, mengi yakitoka kwa wanawake wenziwe, akaondolewa baada ya miezi michache. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1974 ndipo Sheila Tracy akasoma habari katika Radio 4, mrithi wa Home Service.

Shirika hilohilo lilianza kusema Kiarabu Januari 1938, na tarehe 27 Juni 1957 likaanza kusema Kiswahili. Kwa hivyo mpango huu wa saa si kisa cha mbali na sisi. Wengi katika pwani yetu walilelewa katika nyumba ambamo saa ya habari iliheshimiwa, na watoto wakanyamazishwa ili mkubwa asikie.

Ratiba ile ilikuwa na kasoro yake: watu wachache waliwachagulia mamilioni, na msikilizaji hakuwa na jibu ila barua. Lakini ilikuwa na fadhila mbili. Kipindi kilikuwa na mwisho, na chombo kilikuwa kimoja, wote wakikisikiliza pamoja. Leo kila mkono una simu yake, nayo hainyamazi. Mama na baba, ketini na watoto wenu jioni moja mpange saa za nyumba yenu: ipi ya habari, ipi ya hadithi, ipi ya kimya. Na katika mpango huo, kila mmoja apewe zamu ya kusema, msiishie kumpa zamu ya kusikiliza tu.